Myahudi, Mwisraeli au Mwebrania?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Ninafundisha sekondari Morogoro, na ninaandaa kijitabu cha kuwaeleza wanafunzi dini kubwa za dunia. Niliandika: "Waisraeli husali hekaluni kila Jumamosi, nao huongea Kiyahudi." Mwenzangu akaifuta sentensi yote kwa wino mwekundu. Mwingine, mzaliwa wa Unguja, akasema hata "Wayahudi" si sawa, tuseme "Mayahudi". Nishike lipi?

JIBU: Marahaba. Sentensi yako ilistahili kusahihishwa, lakini aliyeifuta angekueleza sababu, maana ndani yake kuna makosa matatu ambayo hata magazeti yetu huyarudia.

Tuanze na jina. Yuda alikuwa mtoto wa nne wa Yakobo kwa Lea. Jina lake likawa la kabila, kisha la ufalme wa kusini baada ya enzi ya Sulemani. Ufalme wa kaskazini, uliobaki na jina la Israeli, ulianguka mikononi mwa Waashuru mwaka 722 K.K.; ule wa Yuda ukavunjwa na Wababeli mwaka 586 K.K. Baada ya watu wake kuhamishiwa Babeli jina likapanuka. Fungua kitabu cha Esta: Mordekai anaitwa Myahudi, na papo hapo tunaambiwa ni Mbenyamini. Kumbe tangu wakati ule Myahudi hakuwa tena mtu wa kabila la Yuda peke yake, bali yeyote wa taifa lile na imani ile.

Hata asiyezaliwa humo anaweza kuingia. Karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na jemadari wa Kiganda, Semei Kakungulu, mwaka 1919. Jina lao ni la Kiganda, na maana yake ni Wayahudi. Hao ni Waganda kwa uraia na Wayahudi kwa dini. Ukiwaita Waisraeli umewahamisha nchi.

Kwa maana Mwisraeli wa leo ni raia wa dola iliyotangazwa mwaka 1948, na takriban mmoja kati ya watano wa raia wake ni Mwarabu, wengi wao Waislamu. Mwisraeli wa Biblia ni jambo jingine: ni uzao wa Yakobo, aliyepewa jina la Israeli. Hapa ndipo ugumu ulipo, nami sitaki kuuficha. Myahudi akisali asubuhi na jioni hutamka maneno ya Kumbukumbu la Torati 6:4, "Sikiza, Ee Israeli, BWANA, Mungu wetu, BWANA ndiye mmoja." Ndiyo nguzo ya imani yake, na "Israeli" humo ni watu wa agano popote walipo, si pasipoti. Katika ibada jina hilo ni lao wote. Katika habari za leo libakize kwa raia. Na "Mwebrania" liache kwa watu wa kale, kama Abramu anavyoitwa katika Mwanzo 14:13.

Lugha ndiyo Kiebrania. "Kiyahudi" kwetu ni sifa: sikukuu ya Kiyahudi, ndoa ya Kiyahudi. Wayahudi wamezungumza lugha nyingi, na mojawapo, Kiyidishi cha Ulaya ya Mashariki, jina lake hasa lina maana ya "Kiyahudi". Ukiandika "huongea Kiyahudi" msomaji hatajua umekusudia ipi.

Hekalu lilikuwa mahali pamoja tu, Yerusalemu, nalo lilijengwa mara mbili. La pili liliteketezwa na Warumi mwaka 70 B.K., na tangu hapo hakuna dhabihu. Ibada ya pamoja ni katika sinagogi, na kiongozi wa jamii ni rabi. Rabi ni mwalimu wa Torati na sheria. Usimwite kuhani, kwa kuwa ukuhani hurithiwa na uzao wa Haruni.

Huyo mwenzako wa Unguja hajakosea, ila asikukataze lako. Neno lilitufikia kwa Kiarabu. Wapo walioliacha zima, Yahudi, wakalipa wingi wa ma- kama kadhi na makadhi; wapo walioliingiza katika m-/wa-. Waislamu wengi husema Mayahudi, Wakristo wengi Wayahudi, na yote mawili ni Kiswahili. Muhimu ni upatanisho: "Mayahudi wanasali", kamwe si "yanasali". Watu ni watu.

Kuhusu Jumamosi, Kiswahili kina raha yake. Sabato ni siku ya saba, nayo inaangukia siku ambayo sisi tunaiita mosi, kwa sababu juma letu linahesabiwa kuanzia baada ya Ijumaa. Tena Sabato huingia Ijumaa jua likitua na kutoka Jumamosi nyota zikionekana. Wazee wa Pwani hawahitaji kuelezwa hili: kwao "usiku wa Jumamosi" ni ule unaotangulia mchana wake. Kwa wanafunzi wako andika kwamba Sabato huanza "Ijumaa usiku kuamkia Jumamosi", wasije wakapotea.

Basi sentensi iandike hivi: "Wayahudi husali kila siku, na siku ya Sabato hukusanyika katika sinagogi, sala zao nyingi ni za Kiebrania."