Paka Amejilamba Hadi Tumbo Limebaki Wazi

SWALI

Daktari, assalamu alaykum. Nina paka jike wa miaka minne aitwaye Marjani, mweupe mwenye mabaka ya rangi ya chungwa. Hadi mwezi wa Shaabani tulikuwa tukikaa katika nyumba ya ukoo, Mji wa Kale, Mombasa, yenye ua mpana, naye alikuwa akitoka na kuingia apendavyo. Kisha tukahamia fleti ya ghorofa ya nne huko Nyali, ambayo ilikuwa imekaa tupu kwa miezi miwili baada ya kuondoka mpangaji aliyekuwa akifuga mbwa wawili. Tuliipiga deki na kuipaka rangi kabla ya kuingia. Tangu wiki ya tatu, Marjani hujilamba tumbo na mapaja kwa ndani asubuhi, mchana na usiku, na sasa tumbo lake ni kama la kuku aliyenyonyolewa. Hana kidonda, na anakula vizuri dagaa na wali kama alivyozoea. Nimempekua mara nyingi na sijaona kiroboto hata mmoja. Jirani yangu ananiambia kuwa paka ana msiba wa nyumba yake ya zamani na kwamba tumrudishe huko. Mwingine amenishauri nimwogeshe kwa dawa ya mbwa au nimpake mafuta ya taa. Mwanangu amemnunulia kola ya plastiki, lakini anahangaika nayo usiku kucha. Watoto nao wanalalamikia mbu wanaowauma miguuni, hivyo nyumba nzima hatulali. Nifanye nini?

Mama Salma, Mombasa

JIBU

Wa alaykumu salaam, Mama Salma. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilisita kwenye mambo mawili uliyoyataja kwa kupita tu: mbwa wa mpangaji aliyehama, na mbu wanaowauma watoto miguuni. Naomba uwaangalie watoto hao kabla hujamwangalia paka. Ikiwa alama za kuumwa ziko zaidi kwenye vifundo vya miguu na chini ya magoti, nazo zimekaa mbili au tatu pamoja, basi huenda si mbu hata kidogo.

Kiroboto anayewasumbua paka wetu wa pwani ndiye huyohuyo anayewasumbua mbwa. Jike lake huweza kutaga hadi mayai 40 kwa siku, na mayai hayo hayashiki kwenye manyoya bali huteleza na kuanguka popote mnyama alipolala. Hapo huanguliwa viluwiluwi, ambao baadaye hujifunga ndani ya vifuko vidogo vya uzi, na ndani ya vifuko hivyo kiroboto aliyekamilika anaweza kungoja kwa wiki nyingi, hata miezi, mpaka ahisi joto la mwili, pumzi au mtikisiko wa nyayo. Nyumba iliyokaa tupu miezi miwili ni mahali pazuri sana pa kungojea, na familia inapoingia na mizigo yake huwa imegonga mlango wa wenyeji walala. Deki na rangi havivifikii vifuko vilivyomo katika nyufa za sakafu na chini ya makabati. Nadhani, kwa hiyo, kwamba kuhama ndiko kulikomletea Marjani balaa, ila si kwa njia anayoidhania jirani yako.

Utaniuliza iweje basi usimwone kiroboto hata mmoja. Ulimi wa paka umejaa miiba midogo iliyoinama kuelekea kooni, nao ni kichana chenyewe. Paka anayejilamba kutwa nzima huwameza viroboto wake kabla hujawaona. Isitoshe, paka mwenye mzio wa mate ya kiroboto hahitaji viroboto wengi, kwani kuumwa mara chache tu kunatosha kumwachia muwasho wa siku kadhaa. Kati ya paka wawili ninaoletewa, mmoja akiwa amejaa viroboto na mwingine akiwa safi kabisa huku tumbo lake likiwa wazi, mara nyingi ni huyo msafi anayeteseka zaidi.

Fanya jaribio hili leo jioni. Tandika shuka jeupe, msimamishe paka juu yake, kisha mchane kwa kichana cha meno yaliyokaribiana sana, ukianzia kiunoni hadi mwanzo wa mkia. Zikianguka punje nyeusi mfano wa pilipili manga iliyosagwa, zikusanye juu ya pamba iliyoloweshwa maji na uzitazame kwa dakika chache. Mchanga hubaki mweusi, lakini kinyesi cha kiroboto huacha doa la kahawia lenye wekundu, kwa sababu ni damu iliyokwisha kusagwa tumboni mwake. Angalia pia chini ya mkia na mahali anapolala. Ukiona vitu vidogo vinavyofanana na punje za mchele au ufuta, hivyo ni vipande vya mnyoo tegu ambao paka huupata kwa kumeza viroboto, na atahitaji dawa yake mbali na ile ya viroboto. Usipoona chochote, bado nakushauri uendelee na tiba ya viroboto, kwa sababu ulimi wake unaweza kuwa umeshafuta ushahidi wote.

Tiba yenyewe si ngumu, ila inataka subira. Mwendee daktari wa mifugo upate dawa ya matone iliyotengenezwa kwa ajili ya paka na kupimwa kwa uzito wake, uitie juu ya ngozi ya shingo kwa nyuma, karibu na fuvu, mahali ambapo ulimi haufiki. Rudia kila mwezi, au kwa kipindi kilichoandikwa kwenye kifurushi, kwa muda usiopungua miezi mitatu, na kama kuna paka mwingine ndani ya nyumba naye atiwe, hata kama hajikuni. Wakati huohuo fua mashuka na vitambaa anavyolalia kwa maji ya moto, anika mikeka na magodoro kwenye jua kali, vuta makochi na ufagie chini yake kila siku mbili, kisha takataka hizo zitolewe nje ya nyumba siku hiyohiyo. Katika wiki za mwanzo utaendelea kuona kiroboto mmojammoja, na hapo ndipo wengi wanaposema kwamba dawa ni feki na kuiacha. Dawa inafanya kazi. Hao unaowaona ni wale wanaotoka katika vile vifuko, ambavyo dawa haivipenyi.

Sasa nizungumzie ushauri wa jirani wa pili, ambao umenitia hofu kuliko upara wa Marjani. Usimpake mafuta ya taa, na usimwogeshe kwa dawa ya mbwa wala ya kuogeshea ng'ombe. Dawa nyingi za viroboto vya mbwa zina pemethrini, ambayo kwenye kifurushi huandikwa permethrin, na ini la paka haliwezi kuivunja jinsi ini la mbwa linavyoivunja. Dawa za kupe zenye amitrazi nazo hazimfai. Kumbuka kwamba unazungumzia mnyama ambaye kazi yake kutwa ni kujilamba, kwa hiyo chochote unachompaka mgongoni umemlisha. Ikiwa yeyote nyumbani ameshampaka kitu kama hicho naye anatetemeka, anatoka mate au anayumba, mwogeshe haraka kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, umfute awe mkavu, na umkimbize kwa daktari ukiwa na kifurushi mkononi. Vilevile asipewe dawa za binadamu za kutuliza maumivu, kwani kidonge kimoja cha paracetamoli kinatosha kumuua.

Kola nayo ivuliwe. Kazi yake ni kulinda kidonda, na Marjani hana kidonda. Kumvisha ni kumzuia asijikune huku muwasho ukibaki palepale. Kuhusu sindano za kutuliza muwasho, ambazo huenda ukashauriwa umchome, mimi sizipingi pale paka anapoteseka sana, ila sindano bila kuwaondoa viroboto ni kutwanga maji kinuni: wiki chache hupita kwa raha, kisha ulimi hurudi kazini.

Ikiwa wiki nane zitapita, nyumba imesafishwa na dawa imetiwa kwa wakati, na bado anajilamba, hapo tutakigeukia chakula. Samaki, ng'ombe na kuku wamo miongoni mwa vyakula vinavyowaletea paka mzio mara nyingi, na kukila chakula hicho miaka mingi bila tatizo si kinga. Jaribio ni kumlisha kwa wiki nane nyama ambayo hajawahi kuila, kwa mfano sungura, pasipo dagaa, maziwa wala masalio ya mezani. Na itabidi watoto wako waape kweli, kwani jicho moja la dagaa linalodondoshwa kwa huruma huharibu kazi yote. Akipona, mrudishie chakula cha zamani, na muwasho ukirejea ndani ya wiki mbili utakuwa umempata mchawi. Jaribio hilo lifanywe chini ya uangalizi wa daktari, kwa kuwa paka haishi kwa nyama tupu kwa muda mrefu: anahitaji virutubisho kadhaa, mojawapo ikiwa taurini, ambayo mwili wake hauwezi kuitengeneza ya kumtosha. Daktari huyo pia atapenda kuyatazama manyoya kwa hadubini, kwani ncha zilizokatika huonyesha kuwa paka anayalamba hadi yanakatika, na ncha nyembamba zilizo nzima huonyesha kuwa yanadondoka yenyewe kwa ugonjwa mwingine. Atatafuta utitiri, na atatafuta choa, ambacho kinapaswa kuwashughulisha wote wenye watoto, maana huambukiza binadamu.

Je, jirani yako wa kwanza amekosea kabisa? Paka huweza kujilamba kwa huzuni au wasiwasi, na kuhama ni miongoni mwa mambo yanayowatikisa. Lakini hilo ni jibu la mwisho, linalobaki baada ya mengine yote kuondolewa. Mwaka 2006 jarida la Chama cha Madaktari wa Mifugo cha Marekani lilichapisha uchunguzi wa paka 21 waliodhaniwa kuwa wanajinyonyoa kwa sababu ya hali ya akili. Walipopimwa kwa makini, 16 walikutwa na maradhi ya mwili, watatu walikuwa na yote mawili, na wawili tu ndio waliokuwa na tatizo la akili peke yake. Kila ninapoletewa paka "mwenye mawazo" huikumbuka hesabu hiyo, kisha nachukua kichana.

Kumliwaza hakuna ubaya, hata hivyo, nawe unaweza kuanza leo. Aliyezoea ua mzima sasa ana dirisha. Mwekee rafu au stuli karibu nalo apate kukaa juu na kutazama nje, dirisha lenyewe likiwa na wavu, kwani ghorofa ya nne si mchezo. Mpe boksi la kujifichia, mlishe kwa saa zilezile kila siku, na watoto wacheze naye kwa kamba dakika kumi asubuhi na jioni. Asikemewe anapojilamba. Paka anayekemewa haachi, bali huenda kujilamba chini ya kitanda, nawe ukadhani amepona.

SWALI

Daktari, shikamoo. Mimi ni msomaji wenu niliyeko Maskati. Paka wangu dume, aliyehasiwa na mnene kiasi, hukaa ndani muda wote kwenye kiyoyozi na hula chakula kikavu cha pakiti. Tangu jana anajilamba sehemu za siri bila kupumzika, na anaingia kwenye sanduku la mchanga kila baada ya dakika chache. Mke wangu anasema amefunga choo. Nimpe mafuta ya nazi?

Msomaji, Maskati

JIBU

Marahaba. Msomaji huyu nilimjibu kwa simu saa ileile niliyoipata barua yake, kwa kuwa jarida hutoka mara moja kwa mwezi na paka wake hakuwa na mwezi wa kungoja. Naichapisha hapa kwa sababu kosa la kudhani ni choo nimekutana nalo mara nyingi. Si kila paka anayejilamba anawashwa. Wengine wanaumwa, nao hulamba pale panapouma. Dume anayelamba sehemu za siri na kuchuchumaa mara kwa mara pasipo kutoa mkojo, au akitoa tone lenye damu, huenda njia yake ya mkojo imeziba, nayo kwa dume ni nyembamba mno. Sumu iliyopaswa kutoka hurudi mwilini, na paka anaweza kufa ndani ya siku mbili hivi. Mafuta ya nazi hayasaidii, na kumminya tumbo ni hatari.

Alifika kwa daktari usiku huo, akazibuliwa kwa mrija, na sasa yuko nyumbani. Kwa anayemtunza paka wa namna hiyo, jambo kubwa ni maji: chakula chenye majimaji badala ya kikavu kitupu, mabakuli ya maji yaliyowekwa mbali na chakula na mbali na mchanga, na chombo cha mchanga kinachosafishwa kila siku, ili uweze kuona kama kuna donge lililolowa au hakuna. Kwa miezi ya mwanzo, mkague kila asubuhi na kila usiku kabla ya kulala, kwa sababu tatizo hili hupenda kurudi.