VA, kujifungua na zile siku 7 za mtoto
Je, VA, idara ya serikali ya Marekani inayowahudumia wanajeshi wastaafu, hulipia kujifungua? Mama mwanajeshi mstaafu analipiwa, ndiyo. Mtoto hulipiwa siku anayozaliwa na siku 7 zinazofuata, kwa kawaida basi. Ni sheria ya 2010 iliyomwingiza mtoto kwenye malipo hayo. Baada ya hapo anahitaji bima yake: Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo), TRICARE (bima ya jeshi) kama baba bado yuko jeshini, au ile inayonunuliwa kwenye soko la bima la serikali, ambayo dirisha lake la kujiandikisha ni siku 60 tangu kuzaliwa.

Kinachowaponza wengi ni kwamba hospitali za VA hazizalishi. Unapewa rufaa ya hospitali ya nje, na lazima iidhinishwe kwanza. Ukijiendea kliniki bila kibali, bili inakuja kwa jina lako. Kwa hiyo kipimo kikisoma mimba tu, mpigie mratibu wa uzazi wa hospitali yako ya VA. Ndiye atakayekufuatilia hadi miezi 12 baada ya kujifungua. Hujasajiliwa? Jaza fomu 10-10EZ ya kuomba huduma za afya za VA, na DD214, cheti chako cha kutoka jeshini, uwe nayo mkononi.

IVF, yaani kupandikiza mimba kwa njia ya maabara, ni habari nyingine kabisa: VA wanataka ugumba uwe umetokana na utumishi jeshini, na wao wenyewe wawe wameshalikubali hilo.