Sendo laini zinazochosha miguu

SWALI: Shikamoo fundi. Nafanya kazi ofisini, na kila siku natembea kwa miguu kwenda na kurudi, jumla kama kilomita 6, karibu zote ni lami na vigae vya kando ya barabara. Mwaka huu nimeshanunua jozi tatu za sendo. Mbili nilizipenda kwa macho, zikanichubua. Ya tatu niliichagua kwa ulaini. Ukiibonyeza inazama kama mto wa kulalia. Wiki ya kwanza nilijiona naelea. Sasa umepita mwezi, nikifika nyumbani nyayo zinawaka na mashavu ya miguu yamekaza. Miguu yangu ni mipana mbele na myembamba kisiginoni. Sitaki viatu vya kupandia mlima, maana kazini navaa nguo za heshima. Nitazame nini hasa dukani? Na je, ngozi ni bora kuliko hizi za plastiki? – Msomaji, namba 39

JIBU: Marahaba, binti. Kabla hatujafika dukani, ichukue hiyo jozi ya tatu, iweke mezani penye mwanga, utazame pale unyayo unapokaa. Kiatu kilichotembea mwezi mzima kinakuwa kimeshaandika shida yake chenyewe, na mimi nikiletewa kiatu husoma hapo kwanza, ndipo nimsikilize mwenyewe.

Anzia mbele. Nabashiri utakuta vishimo vitano vya vidole vimechimbika sana, na kila kimoja kina mfuo nyuma yake, kana kwamba mtu alikuwa anaparura. Ukiviona, basi ujue sendo haikuwa imeshika mguu wako. Mguu wako ndio uliokuwa ukishika sendo. Kila ulipoinua hatua, vidole vilijikunja ili kiatu kisichomoke. Kilomita 6 kwa hatua ya kawaida ya mtu mzima ni zaidi ya hatua 8,000, kwa hiyo vidole vya kila mguu vimejikunja mara 4,000 na ushee kwa siku. Sasa ile misuli mirefu ya kukunja vidole haikai kwenye unyayo. Imeanzia huku juu, nyuma ya mguu chini ya goti, ikateremsha kano zake mpaka kwenye vidole. Ndiyo maana unapolalamika mashavu ya miguu, mimi natazama mkanda wa kisigino kwanza. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, walilinganisha mwendo wa watu kwenye kandambili na kwenye viatu vya michezo, wakakuta mwenye kandambili hupiga hatua fupi zaidi. Mafundi hatukushangaa. Kiatu usichokiamini hukipigi hatua ndefu.

Nenda sasa kwenye kisigino. Bonyeza kwa kidole gumba pale kisigino kinapotua, kisha bonyeza katikati ya soli, pale ambapo unyayo haukanyagi sana. Ukisikia katikati bado pananepa lakini kisiginoni pamekuwa pagumu kama ubao, sponji imelala. Sponji nyingi za sendo nyepesi ni za EVA, yaani ni mapovu ya hewa yaliyofungiwa ndani ya plastiki laini. Ukiyakandamiza maelfu ya mara kwa siku, kuta za mapovu zinalegea, nyingine zinapasuka, hewa inatoka na unene unapungua. Kadiri sponji ilivyo laini mkononi, ndivyo inavyolala haraka. Tena haijalala sawasawa: wengi wetu tunatua kwa upande wa nje wa kisigino, kwa hiyo upande ule ndio unaodidimia kwanza, na mguu unaanza kutembea umeinamia nje.

Kosa hili nimelifanya mwenyewe. Mama mmoja aliniomba sendo laini kabisa, nami nikampangia sponji tabaka tatu chini ya ngozi, nikajisifu. Zilirudi baada ya wiki mbili. Kwa juu zilikuwa mpya bado, ila ukiziweka juu ya meza zilikuwa zimeinama pembeni kama mtumbwi ulioegeshwa mchangani. Nikafumua, nikaweka tabaka moja gumu chini na moja jembamba laini juu, kisha nikamwongezea mkanda wa nyuma. Alipozivaa akasema hizi sasa ndizo laini. Zilikuwa ngumu zaidi kuliko zile za mwanzo.

Kwa hiyo dukani usiongozwe na ulaini. Nikupe majaribio ninayoyaamini. Ishike sendo kwa ncha na kisigino, uisukume ijikunje. Inatakiwa ivunjike pale vidole vinapoanzia, maana ndipo mguu wenyewe unapojikunja. Ikijikunja katikati kama gazeti, irudishe, hata kama ni nzuri namna gani. Katikati ndipo unyayo unapohitaji kubebwa. Ikigoma kujikunja kabisa, itazame kwa pembeni: kama ncha ya mbele imeinuka kidogo kama pua ya jahazi, mguu utabingirika wenyewe na hakuna tatizo, lakini soli nene, ngumu na bapa kuanzia mbele hadi nyuma itakuchosha kabla hujafika kazini. Kisha isokote kama unakamua nguo. Ikusumbue kidogo. Mwisho bonyeza kisigino kwa nguvu, hesabu pole pole mpaka kumi, uachie. Alama ya kidole ikibaki hata sekunde chache, umeshaiona sendo yako ya mwezi ujao.

Kushika mguu ndilo jambo ninaloliweka mbele ya yote, na kwa mguu wako ndilo lenye kazi zaidi. Unahitaji sendo inayoshika sehemu tatu: mbele karibu na vidole, juu ya mgongo wa mguu, na nyuma ya kisigino. Na kila sehemu irekebishwe peke yake. Mtu mwenye mguu mpana mbele na mwembamba nyuma akinunua sendo yenye bizimu moja tu, huwa anachagua aumie wapi: akilegeza mbele, kisigino kinacheza, akikaza, mfupa wa kidole gumba unachubuka. Hizo jozi zako mbili za kwanza, sitashangaa kama ndivyo zilivyokufanyia. Tafuta mabizimu mawili, au bizimu na mkanda wa kunata. Mkanda wa nyuma wenye mpira wa kuvutika ni rahisi kuvaa, ila mpira huchoka, na ukichoka unarudi kule kule kwa vidole kuparura.

Angalia pia mkanda wa mbele unapita wapi. Ukikatiza juu ya pale mguu ulipo mpana kuliko kwingine, penye kiungo cha kidole gumba, utasugua tu. Mikanda inayopishana kwa mshazari inakifungia kiungo hicho katikati bila kukigusa, na kwa bahati nzuri ndiyo inayopendeza zaidi. Sendo za gidamu, za kupita kati ya kidole gumba na cha pili, sizikatazi, mradi ziwe na mkanda wa nyuma na gidamu ikae kwenye shina la vidole bila kuvuta. Ikiwa inavuta ukiwa umesimama tu, ukishuka ngazi itakukata.

Wasiotaka viatu vya mlima, kama wewe, huwa nawakumbusha kwamba siri ya viatu vile ni ndogo sana. Mwaka 1984 Mark Thatcher, mwongoza wasafiri kwenye mto unaopita bonde la Grand Canyon huko Marekani, alichukua kandambili akaitia mkanda wa kuifungia mguuni. Ndio mwanzo wa sendo za Teva. Mkanda, basi. Yale meno makubwa na rangi za kupiga kelele ni mapambo ya kazi nyingine. Mkanda ule ule ukishonwa kwa ngozi nyembamba yenye bizimu dogo, unaingia nao mkutanoni.

Umeniandikia namba 39. Kwa hesabu ya Ulaya, namba moja ni theluthi mbili za sentimita, kwa hiyo 39 ni sm 26 kamili. Lakini hizo sm 26 kwa kawaida ni urefu wa kalibu, yaani lile umbo la mguu ambalo kiatu hushonewa juu yake, si wa mguu wako. Mshonaji mmoja huacha nafasi kubwa, mwingine ndogo, na 39 zao hazilingani. Fanya hivi: jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kwa shughuli za siku, simama juu ya karatasi kwa miguu yote miwili, mwenzako akuchore kwa kalamu iliyosimama wima. Ukiinama kujichora mwenyewe, uzito unahama na mchoro unadanganya. Utakuta mguu mmoja ni mkubwa kidogo. Huo ndio wa kununulia. Kata mchoro wake, uukunje mkobani, na dukani uulaze juu ya sendo. Ubaki ukingo wa nusu sentimita hivi mbele na nyuma. Karatasi ikimwagika nje ya soli kwa pembeni, usijaribu hata kuivaa. Namba kubwa zaidi haitakusaidia, maana itakuongezea urefu ambao hukuuhitaji. Omba kalibu pana.

Halafu tembea nayo, na iwe sakafuni, si kwenye zulia. Sikiliza. Kisigino kikiachana na soli na kuipiga tena, utasikia kofi kila hatua. Kama pana ngazi, zishuke: vidole vikifika ukingoni au kuchungulia nje, mkanda wa juu ya mguu haufanyi kazi.

Swali la ngozi na plastiki lina majibu mawili, kutegemea ni sehemu gani ya sendo. Inayogusa mguu, ningependa iwe ngozi, kwa sababu inanyonya jasho na baada ya siku chache inachukua umbo la unyayo wako. Malengelenge huletwa na msuguano pamoja na unyevu, na plastiki inayoteleza kwa jasho inakuletea vyote viwili. Ila inayogusa barabara, ngozi usiitake: inateleza kwenye vigae vilivyoloa na lami inaila upesi. Chini iwe raba yenye meno, hata mafupi. Kati ya hizo mbili, sponji ngumu kiasi, au koki, ile ya vizibo vya chupa, ambayo inadidimia taratibu kwa umbo la mguu na kubaki hivyo.

Kuijua ngozi, usinuse wala usiamini muhuri. Tafuta mahali ilipokatwa, mwisho wa mkanda au tundu la bizimu, uchungulie. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi zilizochanganyikana bila mpangilio, unene wote. Ukiona kitambaa chini na utando unaong'aa juu, hiyo ni plastiki. Kuna na ya tatu, ngozi iliyosagwa ikagandishwa kwa gundi. Hiyo ina nyuzi fupi kama vumbi, na ukikunja inaonyesha nyufa. Wauzaji huiita ngozi, lakini mimi siishoni. Wakati unachungulia, vuta kila mkanda pale unapoingia kwenye soli. Mkanda uliozamishwa kati ya tabaka mbili na kushonwa hautikisiki. Uliobandikwa tu utaona mdomo unafunguka.

Kuhusu mvuto sina mengi, macho yako yanatosha. Mikanda miwili myembamba inapendeza kuliko mmoja mpana, na rangi inayokaribia ya ngozi yako inaurefusha mguu. Soli nene isikutishe: ukingo wake ukiwa mweusi au kahawia iliyoiva, unene hauonekani, na mafundi wazuri huzamisha sponji ndani ya fremu ya ngozi ili isionekane kwa pembeni. Wala usikimbilie iliyo bapa kabisa ukidhani ndiyo ya afya. Kisigino kilichoinuka sentimita moja au mbili kuliko mbele kinayapa nafuu hayo mashavu yaliyokaza. Mchuchumio ni habari nyingine.

Jambo moja si la fundi. Ukiamka asubuhi na hatua za kwanza zinachoma chini ya kisigino, na imekuwa hivyo kwa wiki kadhaa, au nyayo zinakufa ganzi, au una kisukari, nenda kwa daktari kabla ya kwenda dukani. Mwenye kisukari anaweza kuchubuka asisikie, na sendo za wazi kwake si za kujichagulia.

Zile jozi mbili zilizokuchubua usizitupe kwanza. Zipeleke kwa fundi, umwonyeshe hasa ulipochubuka. Mara nyingi ni mshono uliogeukia ndani, au bizimu lililokaa juu ya mfupa, na kulisogeza ni kazi ya nusu saa. Kama kisigino kinacheza, aongeze tundu kwenye mkanda wa nyuma. Ila mwangalie anatoboa kwa nini. Akichukua msumari, mzuie, kwa sababu msumari unapasua ngozi na tundu litaendelea kuchanika. Atumie kitoboleo cha duara, kile kinachotoa kipande kidogo kama kitufe.