Mstari Uliofungwa kwa Mabano na Mtoto Mwenye Kifafa

SWALI

Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Gongoni. Mwanangu wa pili ana miaka 9, na amekuwa na kifafa tangu akiwa na miaka 4. Hupewa vidonge vya hospitali kila jioni. Shemeji yangu, kiongozi wa kikundi cha maombi, anasema ugonjwa huo ni pepo, na kwamba Mathayo 17:21 inaagiza namna hiyo haitoki ila kwa kusali na kufunga. Kwa hiyo anataka mimi na mtoto tufunge kavu, bila chakula wala maji, siku tatu, na vidonge tuviache kwa kuwa ni dalili ya kukosa imani. Nilipofungua Biblia yangu nikakuta mstari huo umetiwa katika mabano. Shemeji anasema mabano hayo yamewekwa baada ya mambo ya Shakahola, watu walipofunga hadi kufa, ili Wakristo waache kufunga, na kwamba mwenye kupunguza neno amelaaniwa katika Ufunuo 22. Je, mstari huo ni neno la Mungu au sivyo? Na nikimpa mwanangu kidonge, ninamkosea Mungu?

JIBU

Mama mpendwa, liko jambo moja lisiloweza kungoja mwisho wa jibu hili: kidonge cha leo jioni mpe mwanao, na chakula cha usiku ale kama siku zote. Humkosei Mungu hata kidogo. Hayo mengine tuyazungumze yeye akiwa ameshiba na amelala salama.

Nimeona nijibu kwa urefu kwa sababu swali lako si la nyumba moja. Maneno hayo ya shemeji yako nimeyasikia kwa watu wengine hapa Malindi, na kila mara yanasemwa kwa ujasiri mkubwa na mtu ambaye hajauliza mabano yale yalitoka wapi. Nianze basi na mabano yenyewe. Biblia yangu ya Kiswahili ya Union, ambayo nilipewa nilipobatizwa mwaka 1971 na ambayo jalada lake nimelishona kwa uzi wa nyavu, inao mstari huo ndani ya mabano hayo hayo. Shakahola ilitufika mwaka 2023. Waingereza nao, waliposahihisha Biblia yao na kutoa Agano Jipya mwaka 1881, waliutoa mstari huu katika matini wakauweka pambizoni. Anayesema mabano yamebuniwa juzi ili kuwazuia watu wasifunge amesema jambo lisilo kweli, na kama anafundisha wengine, ilimpasa kuuliza kabla ya kusema.

Sababu ya mabano ni hii. Injili zilinakiliwa kwa mkono kwa zaidi ya miaka 1,400 kabla ya kupigwa chapa, na nakala hizo hazilingani kila mahali. Mwaka 1844, mwaka ule ule ambao mmisionari Krapf alifika Mombasa na kuanza kazi ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, msomi Mjerumani aitwaye Tischendorf aliziona kwa mara ya kwanza kurasa za Biblia ya kale sana ya Kiyunani katika monasteri ya Mtakatifu Katarina, chini ya mlima Sinai. Ni nakala ya karne ya nne. Nyingine ya umri huo huo imehifadhiwa Vatikani. Zote mbili, kama zilivyoandikwa na waandishi wake wa kwanza, zinatoka Mathayo 17:20 na kwenda moja kwa moja kwenye maneno tunayoyaita mstari wa 22. Katika ile ya Sinai kuna jambo ambalo kila mwalimu wa Biblia angepaswa kulijua: maneno ya kusali na kufunga yameongezwa na msahihishaji aliyekuja baadaye. Hapo nyongeza inaonekana kwa macho.

Ni haki niseme pia kwamba wapo mashahidi wengine wa kale walio na mstari huo, zikiwemo nakala za karne ya tano, na ndiyo maana wafasiri wetu hawakuufuta bali waliuweka katika mabano, kwa uaminifu, ili msomaji ajue kwamba una shaka. Hata hivyo, ukipima pande zote mbili, ni rahisi kueleza jinsi mstari huo ulivyoingia, na ni vigumu sana kueleza jinsi ambavyo ungetoka. Habari hii ya kijana mwenye kifafa, ambaye wanafunzi wa Yesu walishindwa kumponya, imo pia katika Marko 9, na pale Yesu anasema kwamba namna hii haiwezi kutoka kwa neno lo lote isipokuwa kwa kuomba. Mnakili aliyezijua Injili zote mbili angeweza kabisa kuyaleta maneno ya Marko katika Mathayo, ili habari mbili zifanane. Na neno la kufunga je? Tazama Marko 9:29 katika Biblia yako ya Union uone kwamba linasema kuomba tu, ilhali nakala za baadaye zimeongeza kufunga. Tazama na Matendo 10:30 pamoja na 1 Wakorintho 7:5, ambapo nakala za baadaye zimeongeza kufunga vivyo hivyo. Mahali panne, neno lile lile, mwelekeo ule ule. Waliokuwa wakinakili walikuwa watu wa saumu, nao waliiona saumu hata pale ambapo mtume hakuitaja.

Zaidi ya hayo, soma mwenendo wa sura yenyewe. Wanafunzi wanauliza kwa nini walishindwa, na Bwana anawajibu katika mstari wa 20: kwa sababu ya upungufu wa imani yenu. Swali limekwisha kujibiwa. Kisha, katika Mathayo 9:15, Bwana mwenyewe alikuwa amesema kwamba wanafunzi wake hawafungi maadamu bwana arusi yupo pamoja nao. Itakuwaje basi awalaumu kwa kutofanya jambo ambalo yeye mwenyewe alisema wakati wake haujafika? Kwa hayo yote nashika, pamoja na wengi waliochunguza jambo hili, kwamba mstari huo haukutoka katika kalamu ya Mathayo, na kwamba haifai mtu kusimamisha fundisho lo lote juu yake peke yake, sembuse fundisho la kumnyima mtoto maji.

Shemeji yako atasema nimepunguza neno. Naomba asome Ufunuo 22 tangu mstari wa 18, asianzie wa 19. Kinachotajwa kwanza pale ni kuongeza, ndipo kunafuata kupunguza, na vyote viwili vinahusu “maneno ya unabii wa kitabu hiki”, yaani Ufunuo. Yohana alipoyaandika hayo vitabu vya Agano Jipya vilikuwa havijakusanywa katika jalada moja. Orodha ya kwanza tuliyo nayo inayotaja vitabu vyake 27, hivyo tu bila kuzidi wala kupungua, ni ile ya Askofu Athanasio wa Aleksandria katika waraka wake wa Pasaka wa mwaka 367. Lakini hata tukilichukua onyo hilo liyafunike Maandiko yote, kama Kumbukumbu la Torati 4:2 inavyosema, “Msiliongeze neno niwaamurulo, wala msilipunguze,” bado swali linabaki pale pale: ni nani aliyeongeza? Huwezi kumshitaki mtu kwa kupunguza kabla hujathibitisha kwamba kitu kilikuwamo. Namba ya 21 nayo haithibitishi neno, kwa kuwa namba za mistari ya Agano Jipya zilitiwa na mpiga chapa Robert Estienne mwaka 1551, juu ya matini iliyotokana na nakala chache za Kiyunani, nyingi zikiwa za zama za mwisho mwisho, ambazo msomi Erasmus alizitumia kupiga chapa Agano Jipya la Kiyunani mwaka 1516. Aliyetoboa mashua haiwi ni yule aliyeonyesha mahali maji yanapoingilia.

Sasa nimpe shemeji yako kila anachotaka. Tuseme mabano hayapo na Mathayo aliuandika mstari huo kwa mkono wake. Nani anaagizwa kufunga? Ni wanafunzi, waliojaribu kutoa pepo wakashindwa. Mtoto haagizwi. Baba yake haagizwi. Yule baba alikuja akiwa amechoka, imani yake nusu nusu, akalia katika Marko 9:24, “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu,” na Bwana hakumwambia aende akafunge siku tatu kisha arudi. Alisema, “Mleteni huku kwangu,” na mtoto akapona saa ile ile. Anayeichukua habari hii na kumbebesha mtoto mgonjwa mzigo ambao Yesu aliwaachia wahudumu amelipindua Andiko, liwe na mabano au lisiwe nayo.

Kuna neno jingine ambalo Wakristo wetu hulipita haraka. Katika Mathayo 15:32, makutano walipokaa na Yesu siku tatu bila chakula, aliwahurumia akasema, “kuwaaga wakifunga sipendi, wasije wakazimia njiani.” Ni siku tatu zile zile anazozitaka shemeji yako, na ni neno lile lile la kufunga, na mwenye kusema sipendi ni Bwana mwenyewe. Tena alipomfufua binti wa Yairo, mwenye miaka 12, agizo lake la mwisho katika Marko 5:43 lilikuwa apewe chakula. Nimehubiri miaka mingi, na bado moyo wangu hutulia kila nikifika mstari huo, kwamba Mshinda mauti alikumbuka kuwa mtoto ana njaa.

Kuhusu pepo, siwezi kukana kwamba sura ya 17 inasema Yesu alimkemea pepo akamtoka yule kijana. Naliamini Andiko kama lilivyo. Lakini kutoka kwa mtoto yule mmoja hadi kwa kila mwenye kifafa ni safari ndefu, na Mathayo mwenyewe haturuhusu kuisafiri. Katika 4:24 anawahesabu walioletwa kwa Yesu: “wenye pepo, na wenye kifafa, na wenye kupooza.” Amewataja mbalimbali. Neno la Kiyunani la kifafa pale ndilo lile lile la 17:15, neno linalobeba maana ya kupigwa na mwezi, kwa kuwa watu wa kale waliushuku mwezi kama wazee wetu wa Pwani walivyomshuku nyuni mtoto akipatwa na degedege. Basi ikiwa mwinjili alijua kuwa mtu anaweza kuwa na kifafa asiwe na pepo, sisi tumepata wapi ujuzi wa kumzidi?

Wala sidharau saumu. Mathayo 6:16 haina mabano, na Matendo 13 inalionyesha kanisa la Antiokia likifunga na kuomba kabla ya kuwatuma Barnaba na Sauli. Mimi mwenyewe hufunga. Lakini Mungu ameieleza saumu aliyoichagua katika Isaya 58, na ndani yake kuna kuwagawia wenye njaa chakula chako. Shemeji yako akiwa na mzigo wa kweli kwa ajili ya mtoto huyu, na afunge yeye aliye mtu mzima mwenye afya, na kile ambacho angekula mchana amletee mpwa wake.

Nasema kwa uzito huu kwa sababu sisi wa Malindi tuliona. Msitu wa Shakahola uko katika kaunti yetu. Kulifukuliwa huko miili zaidi ya 400, ikiwemo ya watoto wengi, ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumwona Yesu. Hakuna aliyeanza siku ya kwanza kwa kusema nitamzika mwanangu. Walianza kwa mstari mmoja uliosomwa peke yake, na mtu mmoja waliyeogopa kumuuliza.

Kwa hiyo, mama, naomba ufanye hivi. Usiviache vidonge, wala usivipunguze kwa shauri la mtu ye yote asiye mganga wa hospitali, kwa maana dawa ya kifafa ikikatizwa ghafla kifafa huweza kurudi kwa nguvu, kikapanda mfululizo bila kukoma na kuua. Kukosa chakula na usingizi navyo huweza kukichochea. Ukiona dawa haimsaidii, rudi kliniki na useme hivyo, wabadilishe au wapime upya; Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na Luka aliyesafiri naye aliitwa tabibu mpendwa, wala hakuna aliyewaambia wamekosa imani. Mwombee mwanao kila usiku ukiwa umeweka mkono juu ya kichwa chake, kisha umpe maji ya kumezea kidonge.

Zungumza na mume wako kwanza, kabla ya shemeji, kwa utulivu, na umsomee Mathayo 15:32. Najua uzito wa kupingana na ndugu wa mume katika nyumba zetu, na sikuambii umvunjie heshima. Mwambie tu kwamba Mchungaji amekataza na lawama nimeichukua mimi. Lakini ikitokea akataka kumchukua mtoto ampeleke kwenye maombi ya kufunga bila ridhaa yako, hapo adabu ya ukoo imefikia mpaka wake: nenda kwa chifu au kwa afisa wa watoto siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Jumatano alasiri huwa niko kanisani. Njoo na mume wako, na shemeji akikubali mje naye, alete Biblia yake nami nilete yangu, tuisome sura ya 17 yote tangu mwanzo. Mje na kijana pia, na kadi yake ya kliniki, awe amekula.