Mnaoanza kuigiza vichekesho, zimeni sauti kwanza

Wanaokuja kwangu kujifunza uigizaji wa vichekesho huniuliza waseme nini ili watu wacheke. Mimi huwapa kazi ya kumtazama Mabel Normand, Mmarekani wa enzi za filamu bubu, ambaye mdomo haukumsaidia kitu.

Alianza kwa kukaa mbele ya wachoraji wa New York wamchore. Nadhani ndiko alikojifunza kutulia. Akifanyiwa kituko hakurupuki: anasita, anamkazia macho mwenzake, ndipo anajibu. Watu wanachekea pale anaposita, na pale ndipo wengi wenu mnaparuka mkikimbilia kituko kinachofuata. Rekodi kipande chako, zima sauti, mpe mtu asiyejua kisa. Asipoelewa nani kamuudhi nani, rudia.

Halafu jifunzeni kazi ya nyuma ya kamera, hata kama hampendi kuambiwa. Mabel aliingia Keystone, kampuni ya filamu za vichekesho ya Mack Sennett, mwaka 1912. Kufikia 1914 alikuwa akiongoza filamu zake mwenyewe. Mwaka huo akapangiwa mgeni kutoka Uingereza, Charlie Chaplin. Wakiwa barabarani wanarekodi filamu ya mbio za magari, Chaplin akataka kuongeza kituko cha bomba la mpira la kumwagia maji. Mabel akakataa: muda hakuna, fanya ulivyoelekezwa. Chaplin akagoma, akaenda kuketi kando ya barabara, kazi ikalala. Wengi humtetea Chaplin kwa sababu ya alichokuja kuwa, nyota wa vichekesho wa dunia nzima. Mimi niko na Mabel. Wazo zuri lilete kabla watu hawajapangwa mbele ya kamera. Na hata hivyo walipatana, wakacheza pamoja filamu nyingine mwaka uleule.

Mikataba someni, mjue nani anaamua kazi yenu itoke lini. Mickey, filamu yake kubwa, ilikaa kabatini hadi 1918 ndipo ikatoka na kuvuma, naye ameshahamia kwa mtayarishaji mwingine wa filamu, Samuel Goldwyn.

Wala kupendwa si kinga. Mwongozaji William Desmond Taylor alipouawa mwaka 1922, Mabel alikuwa ametoka kumtembelea jioni ileile. Hakushtakiwa, ila magazeti hayakumwacha. Kifua kikuu kilimuua mwaka 1930.

Anzeni na filamu zake fupi za 1914. Nyingi zipo bure mtandaoni. Mara ya kwanza mtazameni yeye tu. Mara ya pili angalieni kamera imewekwa wapi.