Usimkatie mzazi tiketi ya ndege bila kuulizia siti

Ukienda Stendi ya Magufuli pale Mbezi kukata tiketi ya basi la Mwanza, huchukui siti yoyote unayopewa. Kila mtu dirishani ana lake: usiniweke juu ya tairi, usiniweke nyuma kabisa, nipe upande usiopigwa na jua. Karani anakuonyesha karatasi ya siti, unachagua, anaweka alama ya peni. Ila mtu huyohuyo atalipa mamilioni kwenda Marekani au China na hataulizia siti hata mara moja. Mimi nilikuwa mtu huyo, na aliyeumia ni mama yangu.

Dada alikuwa amejifungua Houston, ikaamuliwa nimsindikize mama. Nilikata tiketi kwa wakala mmoja pale Posta, nikahangaika na viza na kupima mabegi, suala la siti sikuligusa. Tulipofika kaunta ya Jengo la Tatu, Uwanja wa Julius Nyerere, ndege ilikuwa imejaa. Mama akapata siti ya katikati. Mimi pia katikati, safu sita nyuma yake. Kipande cha kwanza, mpaka Ghuba, hakifiki saa sita, tukakimaliza salama. Cha pili kilizidi saa 15.

Mama ana sukari na magoti yanamsumbua. Huku alikaa kijana aliyelala kabla hata taa hazijazimwa, huku baba wa makamo aliyejifunika macho. Kila nikienda kumwangalia ananiambia yuko sawa. Mara ya tatu nikakuta glasi ya maji mezani haijaguswa. Nikamuuliza kwa nini hanywi. Akaninong'oneza: "Nikinywa nitataka kutoka, mwanangu. Muache mwenzangu apumzike."

Tulipotua viatu havikumwingia. Nilipiga goti pale kwenye korido nikijaribu kumvalisha, nikabonyeza kidogo juu ya kifundo cha mguu, na shimo la kidole changu likabaki pale pale kama nimebonyeza unga uliokandwa. Mama aliingia Marekani na soksi za ndege, viatu nimevishika mimi. Baadaye nilisoma kwamba utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa 2007 ulionyesha hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huongezeka karibu mara mbili mtu anapokaa safarini saa 4 au zaidi bila kusogea. Kwa hiyo siti ya mzee si suala la starehe. Ndiyo inayoamua kama atanyanyuka au hatanyanyuka.

Tangu hapo, kabla sijalipa namuuliza wakala swali moja: ndege ni aina gani na imepangwaje? Boeing 777 nyingi, daraja la kawaida, zina siti tatu, nne, tatu kwa kila safu, makundi yakitenganishwa na korido mbili. Boeing 787, yaani Dreamliner, ni tatu, tatu, tatu, na ndivyo ilivyo ile 787-8 ya Air Tanzania iliyotua Dar mwaka 2018, yenye abiria 262, kati yao 240 wa daraja la kawaida. Airbus A330 kwa kawaida ni mbili, nne, mbili.

Ukishajua mpangilio, hesabu watu wa kuvukana. Ukikaa koridoni kwenye kundi la pembeni la siti tatu, wawili wa ndani wote watapita kwako, na usiku kila mmoja atakuamsha kwa zamu yake. Ukikaa koridoni kwenye kundi la kati la siti nne, ni jirani mmoja tu atakayekupitia, maana wa upande wa pili ana njia yake. Kwenye kundi la kati la siti tatu ni afadhali zaidi, kwa sababu yule wa katikati anaweza kutokea upande wowote. Watu wengi wanaogopa kundi la kati kwa kuwa halina dirisha, na hapo ndipo siti nzuri za koridoni hubaki. Siti hiyo ndiyo niliyomwekea mama wakati wa kurudi. Alinyanyuka kila saa moja na nusu au mbili, akaenda mpaka jikoni kwa wahudumu, akapewa maji, akarudi. Tulipofika Dar alivaa viatu vyake mwenyewe.

Dirisha nalipenda, silikatai. Kama unalala vizuri na huendi chooni mara kwa mara, kaa dirishani, una ukuta wa kuegemea kichwa na hakuna wa kukuamsha. Ukitoka Dar mchana kuelekea Nairobi au Addis Ababa, chukua upande wa kushoto, maana hewa ikiwa safi utauona Mlima Kilimanjaro, na asubuhi jua litakuwa upande wa pili. Ila angalia ramani ya siti kwanza, kwa mfano kwenye tovuti ya AeroLOPA, kwa sababu kuna siti zinaitwa za dirishani na pembeni yake ni ukuta mtupu. Ramani hizo pia huonyesha safu za mwisho ambazo kiti hakilali vizuri, na zile zinazopakana na vyoo, ambako foleni ya watu itasimama begani kwako usiku kucha.

Wenye kuogopa mtikisiko wasifuate mazoea ya basi. Kwenye basi tunaikimbia siti ya juu ya tairi, lakini kwenye ndege usawa wa mabawa ndiko kunakotikisika kidogo zaidi, na mkiani ndiko kunakorusha. Hata hivyo mkia una faida yake kwa wanandoa: ndege inapungua upana kule nyuma, na kwenye 777 nyingi safu chache za mwisho za pembeni huwa na siti mbili badala ya tatu.

Siti za mlango wa dharura zinasifiwa sana na hulipiwa zaidi. Miguu kweli inanyooka. Lakini anayekaa pale anatakiwa kuweza kufungua mlango na kusaidia wengine, hivyo mjamzito, mwenye mtoto, mtoto na mzee mwenye magoti kama mama hawaruhusiwi. Meza hutokea ndani ya mkono wa kiti, kwa hiyo kiti kinabana mapajani na mkono hauinuki. Mikoba yote inapanda juu wakati wa kuruka na kutua. Na kuna baridi, chukua kitenge kizito.

Mwenye kichanga aombe safu ya mbele inayotazama ukuta, ndiko kinakofungwa kitanda cha mtoto. Vitanda hivyo ni vichache, aombe siku ileile anapokata tiketi.

Kuhusu pesa: tiketi za bei ya chini mara nyingi hukutoza kuchagua siti mapema. Ukishindwa kulipa, subiri chek-ini ya mtandaoni, yaani kuthibitisha safari na kuchukua siti kwenye simu au kompyuta, ambayo mashirika mengi huifungua kati ya saa 48 na 24 kabla ya safari, na uingie dakika ileile. Mkiwa wawili kwenye kundi la siti tatu, chukueni ya dirishani na ya koridoni. Ya katikati huwa ya mwisho kuchukuliwa. Akija mwenye siti hiyo mpeni moja ya zenu mkae pamoja, msimweke mgeni wa watu katikati ya maongezi yenu. Lakini kwa mzazi, mimi nalipa. Ukigawanya kwa saa za safari ni hela ndogo kuliko taksi ya kutoka Mbagala kwenda uwanjani. Na mwombee kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, hakilipiwi.

Jambo moja zaidi. Shirika likibadilisha ndege, siti ulizolipia zinaweza kuhamishwa na usipate ujumbe wowote. Mama anasafiri tena Desemba. Ana siti ya koridoni, kundi la kati, safu ya usawa wa mabawa. Jana usiku nimefungua tiketi yake kuangalia, bado iko palepale, na wiki ya safari nitaangalia tena.