Jibu: Mtoto wa miaka 6 anatapika kila safari ya gari
Salaam. Kama nimekuelewa, mwanao hutapika nusu saa tu baada ya kuondoka, hata akiwa hajala. Kwanza angalia anatazama nini. Akiinamia simu, macho yanaona kitu kilichotulia huku sikio la ndani likihisi mwendo; hapo ndipo kichefuchefu huanza. Mnyang'anye (atalia, mvumilie), mkalishe nyuma katikati aone barabara mbele, kama kiti hicho kina mkanda wa bega. Njaa nayo inachochea: mpe kitu chepesi kisicho na mafuta saa moja kabla. Akitapika, usimpe chupa nzima ya maji, itarudi yote. Subiri dakika 10, kisha mpe ORS (unga wa chumvi na sukari unaoyeyushwa kwenye maji) kijiko cha chai kila dakika 2. Dawa za kichefuchefu humezwa kabla ya safari. Muulize mfamasia kipimo.